Ulimi Haupimi, Hulinganisha

Kazi yangu ni kuonja chai. Nikisema hivyo kwetu Majengo watu hucheka, maana pwani nzima inaonja chai tangu alfajiri na hakuna anayelipwa. Lakini Mombasa ndiyo soko. Chai ya Kericho, Nandi, Murang'a na Kirinyaga, na ya Uganda, Rwanda na Burundi, hushuka hadi kwenye magodauni ya huku, na kila wiki hupigwa mnada. Kabla haijanunuliwa sharti ionjwe, na msimu ukikolea, vikombe vinavyopita kwenye meza yetu ni mamia kwa mamia.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Kiwango cha kimataifa, ISO 3103, kinataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6 ndani ya chombo cha kauri chenye kifuniko. Majani yaliyolowa unayaacha juu ya kifuniko kilichopinduliwa, chai yenyewe unaimimina kwenye bakuli jeupe. Mwonjaji anapita na kijiko. Anavuta kwa kelele, anazungusha kinywani, anatema kwenye ndoo, anatamka neno moja au mawili, na karani nyuma yake anaandika. Imechangamka. Imelala. Imeungua. Ina moshi. Kinachofuata! Ukituona kwa mara ya kwanza utasema hawa hawakulelewa.

Aliyenifundisha ni mzee wa Mji wa Kale ambaye sote ofisini twamwita Ami. Siku za mwanzo alikuwa akinirudia maneno yale yale: "Ulimi wako hauna mizani, mwanangu. Usiuulize chai hii ina nguvu kiasi gani, hautakwambia. Uulize hii na ile, ipi imezidi." Baadaye, nilipoanza kusoma usiku habari za saikolojia ya milango ya fahamu, nikakuta Wajerumani wa karne ya 19 wakisema maneno ya Ami kwa hesabu.

Mmoja wao ni Ernst Weber, aliyefundisha anatomia Leipzig. Aliwapa watu vitu vya uzani mbalimbali mikononi na kuwauliza kipi kizito, na mwaka 1834 akachapisha alichokigundua: mtu hahisi gramu ngapi zimeongezwa, anahisi ongezeko ni sehemu gani ya kile alichokuwa nacho. Kwa kuinua kwa mkono alikadiria sehemu moja ya arobaini. Ukishika gramu 400, nikikuongezea 10 utajua. Ukishika kilo 4, hizo 10 zitapotea, mpaka nikutilie 100. Siku moja tukingoja lori nikawasimulia wachukuzi wa godauni. Mmoja akanikata kauli: "Dada, hayo mbona twayajua? Gunia likipungua nusu kilo hapana ajuaye. Likipungua kilo mbili, bega lasema." Gunia lake lina kilo 60 na kitu. Gawanya kwa 40 upate kilo moja na nusu. Bega la Shimanzi, mtaa wa magodauni yetu, na maabara ya Leipzig havikupishana sana, ingawa mchukuzi yule hakuwahi kuandika makala.

Kwenye meza ya chai jambo hili lina bei. Ukitoka kwenye chai nzito ya vumbi, yaani ya chenga ndogo kabisa, ile inayokwaruza mpaka kooni, ukaingia kwenye chai nyepesi ya mlimani, hiyo nyepesi utaiona maji. Haina kosa lolote. Imeonewa tu na jirani yake. Ndiyo maana tunatanguliza nyepesi, nzito zinafuata, na ndiyo maana pembeni huwa na kikombe cha kulinganishia, chai ambayo tunaijua na ambayo tunairudia kila baada ya muda. Mwonjaji anayeringa kwamba hahitaji kikombe hicho, mimi simwamini. Hata kama ni mkubwa wangu.

Wageni wa mnada ndio burudani yetu. Mara kwa mara huja ujumbe wa wakulima kutoka bara kuangalia majani yao yanavyouzwa, na Ami hupenda kuwakaribisha mezani. Huwapangia vikombe vitatu, mbele ya kila kimoja kadi yenye jina la kiwanda, na mojawapo ni kiwanda chao. Wanaonja kwa heshima, wanakohoa, wanatazamana. Halafu mzee mmoja, lazima atokee, anasema hii yetu hata gizani ningeijua, hizi nyingine zimechujuka. Ami anazigeuza zile kadi na kuwaonyesha birika moja tu, iliyomiminwa kote. Hucheka mpaka machozi, kisha mzee yule yule hurudi kuonja tena kuhakikisha kwamba hakuchezewa kiinimacho. "Mzee wangu," Ami humwambia, "umeonja kadi."

Tukiwa tunacheka nao, Julai, kuna kichekesho kingine kinachoendelea chumbani. Upepo wa kusi unavuma, sisi wa Mombasa tumejifunga masweta, na wageni wa Kericho wanajipepea kwa karatasi za mnada huku jasho likiwatiririka. Hewa ni ile ile. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alishaliona hili kwa maji: mkono uliotoka kwenye baridi na mkono uliotoka kwenye moto, ukivitia vyote pamoja kwenye maji ya uvuguvugu, mmoja utakwambia haya yanachoma na mwingine utakwambia haya baridi. Ngozi huzoea hali iliyomo na kuihesabu kuwa sifuri, na kutoka hapo ndipo inapoanza kuhesabu.

Pua nayo huzoea upesi mno, na hapa sisi wanawake wa pwani tuna kesi ya kujibu. Mombasa hakuna arusi bila udi. Nguo zinafukizwa, nywele zinafukizwa, buibui linafukizwa, na juu yake kuna marashi na kikuba cha asumini. Dakika chache baada ya kuondoka kwenye chetezo, mwenye udi haunusi tena. Chembe za puani zinapunguza habari zinazotuma, na ubongo nao unaacha kuhangaika na harufu isiyobadilika. Anayenusa ni aliyekaa naye kwenye matatu. Chumba cha kuonjea hakiruhusu manukato ya aina yoyote, wala sabuni yenye harufu kali, na Ami hana haja ya tangazo ukutani. Jumatatu asubuhi husimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya upole, "Jana palikuwa na arusi ya nani?" Mtu anageuka mwenyewe kwenda kunawa mikono hadi viwikoni. Mimi nimeishia kuwa na nguo za kazi zinazokaa kwenye sanduku lake peke yake, na mamangu hulalamika kwamba naenda mjini nikinuka kama ukuta.

Kama ulipita Makupa zamani, kabla jaa la Kibarani halijafungwa, unajua upande wa pili wa jambo hili. Abiria wote walikuwa wakifunga madirisha na kujiziba kwa leso. Waliokuwa wakichambua taka pale juu walikuwa wakila vitumbua vyao vizuri tu.

Sasa nieleze kuhusu ile kelele ya kuvuta chai, kwa sababu ndani yake ndimo kazi yote ilimo. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama uliokolea ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 na kuiita umami. Basi. Ile ramani tuliyochora shuleni, utamu ncha ya ulimi, uchungu nyuma, chumvi pembeni, ifute. Ilitokana na utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, ambaye aliona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu; mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard akazichora upya kwa namna iliyofanya zionekane kubwa, na vitabu vya shule vikafanya yaliyobaki. Kila ladha huonjwa popote penye vionjio. Nilipata alama zote kwa mchoro ule, na sikuwahi kuutumia popote.

Vingine vyote unavyoviita ladha ya chai, ile harufu ya ua, ya majani mabichi, ya moshi, ya mkate uliookwa, vinatoka puani, tena kwa mlango wa nyuma. Ukivuta chai kwa nguvu inapasuka kuwa manyunyu, mvuke wake unapanda nyuma ya kaakaa hadi juu puani, ambako kuna vipokezi vya aina zipatazo 400. Linda Buck na Richard Axel walizifichua jeni zake mwaka 1991 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ukitaka kuthibitisha, huhitaji Nobel. Jibane pua, tafuna iliki iliyosagwa na sukari. Utapata utamu na chengachenga. Achia pua, iliki inaingia kinywani kana kwamba mtu amefungua mlango.

Sisi tulithibitishiwa kwa njia mbaya zaidi. Mwaka 2020, wakati ambapo mnada wenyewe ulikuwa ukihamia kwenye kompyuta kwa sababu ya korona, mwenzetu mmoja aliugua. Homa haikuwa kali. Siku alipoona nafuu alijikorogea chai ya tangawizi, akanywa, akadhani mkewe amebadilisha kopo. Alipiga simu ofisini huku akijaribu kufanya mzaha, lakini sauti ilikuwa imemkatika. Kwa mtu wa kazi yetu hilo ni sawa na seremala kuambiwa mikono imekwenda.

Alivyokuwa akisimulia kikombe kile ndivyo ninavyowafundisha wengine sasa. Chai isiyo na pua, alisema, ina vitu vitatu: moto, uchungu na ukakasi. Ule ukakasi unaokausha ulimi na mashavu, kama wa zambarau ambazo hazijaiva, hauhitaji pua, na kwa sehemu kubwa hata si ladha. Kemikali za chai zinashikana na protini za mate zinazolainisha kinywa, na kinywa kikikosa ule utelezi, ni ngozi ya ndani inayolalamika. Ni mguso. Kwa hiyo bado aliweza kusema chai ipi kali na ipi nyepesi. Hakuweza kusema ya wapi, wala kama imepata moshi, wala kama imekaa godauni mpaka ikachakaa, na hayo ndiyo yanayoamua shilingi.

Baadaye wanasayansi walieleza kwamba kirusi kile hushambulia hasa chembe zinazozilisha na kuzitegemeza zile za kunusia, wala si mishipa ya kunusia yenyewe, na ndiyo sababu wengi walirudiwa. Yeye alirudiwa polepole na kwa vituko. Kahawa ilimnukia taka zilizoungua. Fikiria Mombasa, muuza kahawa anapita jioni akigonganisha vikombe, na wewe unaziba pua na kukimbia ndani. Wengi yaliwapata hayo, na kahawa imetajwa sana miongoni mwa vitu vilivyowageukia. Mishipa iliyokosa hao walezi wake, ikianza kuota upya inaleta habari nusunusu, na ubongo unazitafsiri kwa kadiri ya ulichopewa.

Alichofanya ni zoezi la kunusa ambalo daktari Mjerumani Thomas Hummel na wenzake walilichapisha mwaka 2009: harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, kila moja kwa makini huku ukikumbuka ilivyokuwa. Waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Niliposoma orodha ile nilicheka, maana ni kabati la nyanya yeyote wa Kibokoni. Tulimletea marashi ya waridi kwenye kichupa, ndimu badala ya limau, karafuu za sokoni Marikiti, na majani ya mkalitusi aliyafikicha mwenyewe. Si kila mtu hurudi kamili, na siwezi kuapa kwamba ni zoezi lililomponya badala ya muda. Lakini alirudi mezani. Kwa miezi alikuwa na desturi ya kuonja kikombe cha kulinganishia mara mbili kabla hajatamka neno, na hakuna aliyemharakisha.

Pilipili nayo ina habari yake, fupi. Mchana tukitoka kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, hatuonji kitu kwa muda. Pilipili si ladha. Inafungua kile kile kipokezi kinachofunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, kilichotambuliwa na kundi la David Julius mwaka 1997, naye akapata Nobel mwaka 2021. Ndiyo sababu chai ya moto juu ya pilipili ni mateso: mlango mmoja unagongwa na watu wawili.

Macho ndiyo yenye fitina kuliko vyote. Idi moja nilitengeneza majagi mawili ya sharubati ya ndimu, sawasawa kabisa, moja nikalitia matone ya rangi nyekundu ya chakula. Sikusema neno. Watoto wa kaka yangu walikimbilia jekundu: "Shangazi, hii ya zabibu tamu zaidi!" Mwingine akasema hapana, ni stroberi. Kaka mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, akaonja na kuunga mkono stroberi. Mamangu alionja yote mawili, akayaweka chini. "Yote ndimu. Nyinyi mwanywa kwa macho."

Ufaransa walifanya mchezo huo huo kwa wasomi. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio la Bordeaux ambamo wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. (Mvinyo sina habari nao, Mungu atuepushe, lakini wale ni waonjaji wenzetu na nawahurumia.) Hermann von Helmholtz alikuwa ameshasema katika karne ya 19 kwamba kutambua ni kukisia bila kujijua: ubongo unachukua habari chache za mishipa, unaongeza unachokijua tayari, na unakukabidhi jibu kana kwamba umeliona kwa macho yako. Mara nyingi jibu ni sahihi, na ndiyo maana hatushuku. Rangi nyekundu kwa kawaida huenda na matunda mekundu. Kadi ya kiwanda kizuri kwa kawaida huenda na chai nzuri. Ukiyafuta yote hayo kichwani, huwezi hata kuvuka barabara ya Digo.

Kwa hiyo sisi hatujaribu kuufunga ubongo usikisie. Tunauchelewesha habari. Ami anaonja kwanza, anatamka, halafu ndipo karani anasoma jina la kiwanda. Mabakuli ni meupe yote ili rangi ya chai isionewe na rangi ya chombo, na mwanga wa chumba hautoki moja kwa moja juani.

Ramadhani ndiyo mwezi ninaoulizwa zaidi. "Wewe waonjaje na umefunga?" Wanazuoni wengi wameruhusu mwenye saumu kuonja kwa haja, mradi asimeze, na mpishi wa Kiislamu anaishi kwa ruhusa hiyo. Ami hulisema kwa kifupi: "Kuonja si kula. Kumeza ndiko kunakofunguza." Wapo wenzetu wanaochagua kujiepusha na kubadilishana zamu, na hakuna anayewalaumu. Mimi huonja asubuhi na mapema, natema, nasukutua, natema tena.

Nilichokiona mwezi huo kimenifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo mtu huyachanganya maisha yake yote. Mfiziolojia Mfaransa Michel Cabanac, mwaka 1971, alieleza majaribio ya maji ya sukari: mwenye njaa huyaona matamu na mazuri, akishashiba sukari huyaona ya kukirihi. Kinachogeuka ni raha; uwezo wa kutambua ukali wa utamu wenyewe unabaki palepale. Tende ya magharibi haijaongezewa sukari yoyote tangu mchana. Mwili ndio uliobadilisha bei yake. Kwenye meza, basi, swali "ina nguvu gani kuliko ile?" naweza kulijibu nikiwa na njaa, nikiwa nimeshiba, hata nikiwa na hasira. Swali "ni nzuri?" Ramadhani silijibu kabisa, kwa sababu saa tisa alasiri kila chai duniani ni nzuri.

Mtu akija kujifunza kazi, huwa simwanzishi na chai. Namwanzisha na maji. Kisiwa hiki kina visima vingi vyenye chumvi, na kuna maji ya bomba yanayotoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo mojawapo, na kuna yale ya mkokoteni ambayo muuzaji huapa kwamba ni matamu. Aliyekulia maji ya kisima haionji chumvi yake. Mate yetu wenyewe yana chumvi na hatuionji, kwa sababu ulimi umeshaizoea. Donald McBurney na Carl Pfaffmann walionyesha mwaka 1963 kwamba ukiusuuza ulimi kwa maji yaliyotoneshwa ukaondoa mate, chumvi kidogo mno ambayo mwanzo isingetambulika inaanza kutambulika. Na kinyume chake: ukishazoea maji ya chumvi, maji matupu yanakuja na ladha yao, chungu kidogo, kali kidogo. Nimeona msichana wa mtaa wenye visima akikunja uso kwa maji safi ya chupa na kuuliza yamewekwa dawa gani. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Ulianza kuhesabu kutoka kwenye kisima chao. Anayejifunza akishaelewa hivyo kwa maji, nampa kijiko.

Ami sasa amevuka umri ambao wengi hustaafu. Uwezo wa kunusa hupungua kwa uzee, na tatizo la kupungua polepole ni kwamba mwenyewe hajui: jana haipo mezani kulinganishwa na leo. Alilijua hilo kabla sijalisoma popote. Siku hizi kijana anayepanga vikombe ana agizo la kuficha chai moja mara mbili katika safu ile ile, mbali na mbali, kwa nambari tofauti, bila kumwambia Ami ziko wapi. Mwisho wa kazi tunafungua daftari na kutazama alichosema juu ya hao pacha. Wakikubaliana, anaendelea. Wakipishana sana, anatoka mezani wiki ile bila kubembelezwa, na makadirio yote anayafanya mwingine.

Juzi akaagiza na mimi niwekewe pacha. Nikamwambia, "Ami, mimi hata arobaini sijafika." Akasema mafua hayaulizi umri.